Salamu inapita, dosie inabakia: tupime paketi mbele ya kusema "rezo iko mubaya"

Wandugu wachimbaji, bamama na vijana, wengi wenu mulisikia namna tulitukanwa mu biro yetu ya Butembo. Mjane mmoja alikuwa anangojea dosie ya marehemu bwana yake ifike Beni: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, karatasi za kazi. Sisi tulimwambia: "Mama, tumetuma." Beni walisema: "Hatujaona kitu." Kila asubui alirudi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba sendika inakula makuta ya michango. Na siku ya mwisho ya kupokea dosie ilikuwa inakaribia.

Hatukudanganya. Tukiandika "Mumeamkaje?", Beni walijibu palepale. Lakini kila tulipotuma karatasi zilizopigwa foto, mashini ilianza, ikasonga kidogo, ikasimama. Tulilipa fundi. Akapiga ping, akaona majibu yanarudi, akasema rezo iko sawa, shida ni mashini yetu. Fundi wa pili akatuambia tununue koneksio kubwa zaidi. Kwa makuta gani?

Mwishowe karatasi zilienda kwa moto. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54, na kila mtu hapa kwetu anajua mashaka ya ile njia. Kijana alifika salama, dosie ikapokelewa. Lakini tulijiuliza: tunaweka mtoto wa watu mu hatari kwa ajili ya karatasi, na mashini ziko?

Fundi wa tatu njo alitufungua macho. Intaneti haitumi karatasi nzima. Inaikata vipande, na kila kipande kinaitwa paketi. Paketi iko na kipimo chake cha juu, mafundi wanakiita MTU. Kwenye nyaya za biro kipimo hicho ni baiti 1500, tangu mwaka 1980, wakati makampuni Digital, Intel na Xerox yaliandika kanuni ya Ethernet. Salamu inaenea mu paketi moja ndogo. Foto ya karatasi inajaza paketi nyingi, kila moja mpaka mdomoni.

Mchimbaji ataelewa mbio. Yule anayejaza mufuko kule chini anapashwa kujua upana wa njia ya kutokea. Akijaza kupita kiasi, mwenzake wa katikati anapaza sauti: "Huu hauingii, punguza!" Kwenye rezo, ruta njo yule wa katikati. Ikiona paketi ni kubwa kuliko njia ya mbele, inaigawanya, ao kama paketi imeandikwa "usigawanye", inaitupa lakini inarudisha neno: "Punguza, njia ni ya kiasi hiki." Mafundi wanatumia kanuni hiyo tangu mwaka 1990. Lakini swichi, hapana. Mzigo ukipita kipimo chake, swichi inautupa na kunyamaza. Anayetuma anangoja, anatuma tena, unatupwa tena.

Kwetu ilikuwa hivi. Biro ya Butembo na ya Beni zimeunganishwa kwa tuneli, maana yake kila paketi inavalishwa ganda lingine la baiti 24 ili isafiri. Paketi ya 1500 inakuwa 1524. Ruta yetu, mtu mmoja alikuwa ameiandikia 9000, akifikiri kubwa njo mbio. Basi ruta iliona 1524 ni kitu kidogo, haikusema neno. Mbele yake kulikuwa swichi ya 1500. Hapo njo dosie ya mama ilikuwa inazikwa.

Na ile ping ya mafundi wa kwanza? Kwenye Windows, ping ya kawaida inabeba baiti 32 tu. Ni kama kupima daraja kwa kupitisha kuku, kiisha kuambia wenye fuso: "Piteni, iko nguvu."

Yule fundi alipima na mzigo. Aliandika ping -f -l 1448, kiisha anwani ya mashini ya Beni. Ile -f inakataza kugawanya. 1448, pamoja na baiti 28 za vichwa vya paketi, inafanya 1476. Ongeza ganda la 24, unapata 1500 kamili. Ilipita. Akaandika 1449: kimya. Baiti moja tu! Kimya hicho njo alama kwamba kuna mtu katikati anatupa bila kusema.

Dawa haikuomba kununua hata waya. Ruta ilirudishwa 1500, tuneli ikaandikiwa 1476, na kipande cha data cha TCP kikawekewa mwisho wa 1436, ili mashini zisijaze kupita kiasi tangu mwanzo. Sasa ukijaribu 1449, ruta inajibu kwamba paketi ni kubwa. Wengine wanapenda kupandisha swichi. Inawezekana, lakini sherti kila kifaa cha njia nzima kikubali. Na wale wanaofunga ujumbe wa ICMP kwa kusema ni usalama, wajue wanaziba mdomo wa yule anayepaza sauti "punguza".

Kwa hiyo tunaomba wenzetu wa kamati za mashimo, masomo na vituo vya afya: mukiona salamu inapita na dosie inakwama, musikubali kuuziwa koneksio mpya mbele ya fundi kupima na paketi nzito. Kiisha aandike namba ya kila kifaa kwenye karatasi, muibandike juu ya sanduku, ili anayekuja kesho asibadilishe upande mmoja peke yake.

Na wewe Mama, tunakuomba musamaha. Tulikuambia "tumetuma" mbele ya kuhakikisha kwamba wenzetu wamepokea. Tangu siku ile, dosie ya mtu haiitwi imetumwa mpaka Beni waseme wameifungua na kuisoma.