Kilo 50 haiko kilo 50: hesabu ya masomo mbele ya mizani

Mu masomo, mwalimu anafundisha watoto « par défaut » na « par excès »: namba ya chini na namba ya juu. Wengi wanaiacha mu kaye. Lakini kwa muchimbaji wa Kolwezi ao Likasi, hesabu ile njo inaonyesha franka ngapi zinaweza kubakia kwa mununuzi.

Tuseme mizani inasoma kilo nzima tu. Ikionyesha 50, uzito wa kweli uko kati ya 49,5 na 50,5. Mununuzi naye anapima teneur na anaandika 3 kwa mia, bila virgule. Teneur ya kweli iko kati ya 2,5 na 3,5.

Sasa zidisha: chini kwa chini, juu kwa juu. 49,5 mara 2,5 kwa mia inatoa kilo 1,24 ya cobalt. 50,5 mara 3,5 kwa mia inatoa kilo 1,77. Katikati kuko gramu 530 za mashaka, mu mufuko mumoja. Mu mifuko 20, inapita kilo 10.

Angalia virgule inafanya nini. Kama anaandika 3,0, teneur iko kati ya 2,95 na 3,05. Hesabu inatoa 1,46 mpaka 1,54. Mashaka yanashuka mpaka gramu 80.

Na uzito? Kupima mifuko 20 mumoja-mumoja kunaleta nusu kilo ya mashaka mara 20: kilo 10 kila upande. Kama mizani inabeba mifuko 4 pamoja, tunapima mara 5 tu: kilo 2 na nusu.

Kosa la kweli linaenda pande mbili: leo chini, kesho juu. Kama 50,9 inaandikwa 50, na 3,8 inaandikwa 3, kila siku, ile haiko kosa tena. Ni mukono mu mufuko yetu.

Sheria ya madini ya 2018 inaomba muchimbaji awe mu kooperative. Basi kooperative iwe na mizani yake, na iombe mambo mawili: virgule iandikwe ku karatasi, na mifuko ipimwe pamoja.

Ndugu wachimbaji, mama zetu, muite mutoto mwenye kusoma sekondere aje na kaye yake. Afanye hesabu mbele yenu, mbele ya kuuzisha.