Safari ya Kapsuli

Mtu ashikaye njia ya Ntinda, katika tarafa ya Nakawa mjini Kampala, hafiki mbali asikute duka la dawa, na si ajabu akamwona mnunuzi aliyeingia bila cheti cha tabibu akiomba kapsuli nne tu za ampisilini, dawa ya kuua bakteria, kwa kadiri ya fedha alizo nazo. Naye akiisha kupata nafuu huzisahau, wala hafikiri kwamba safari ya dawa ile ndiyo kwanza inaanza.

Tumboni mwa mwanadamu wamo bakteria wasiohesabika, aghalabu wasio na dhara. Dawa ikiingia, walio dhaifu hufa, na wachache waliojaaliwa kinga huachiwa uwanja mtupu wakazaana. Fauka ya hayo, bakteria sugu huweza kumpa mwenzake usugu wake, mfano wa mtu amchongeaye jirani ufunguo, hata jirani huyo akiwa wa jinsi nyingine. Jambo hili wataalamu wa Japani walilibainisha mwaka 1959 walipochunguza vijidudu vya kuhara damu. Kisha bakteria hao sugu hutoka pamoja na kinyesi, wakaingia chooni, mferejini na jaani.

Na jaani ndipo anapongoja nyani.

Huko Amboseli, nchini Kenya, wataalamu waliwapima nyani wa mwituni, na mwaka 1985 wakatangaza kwamba wale waliozoea kula makombo ya watu walikuwa na bakteria sugu wengi kuliko wenzao waliojitafutia chakula porini. Ulinganisho huo ndio uzito wa habari yenyewe, kwani usugu si bidhaa ya viwanda vyetu peke yake: kuvu na bakteria wa udongoni wamepigana kwa sumu za namna ya dawa hizi tangu kale, hata mnyama asiyemjua binadamu asikose kuwa nao kidogo.

Uganda nayo ina ushahidi wake. Katika vipande vya msitu vilivyosalia kando ya Hifadhi ya Kibale, uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kadiri msitu ulivyoharibiwa, ndivyo bakteria wa matumboni mwa kima na mbega walivyozidi kufanana na wa watu na mifugo. Wenye mashamba humwita kima mwizi, na kweli huiba mahindi. Lakini pamoja na mahindi hubeba asichokikusudia, na kesho hurudi palepale shambani, akaacha kinyesi chake juu ya mabua yaliyosalia.