Aliyeongeza Roho Mchezoni, Kadukua?

Juzi mwana wa ndugu yangu alinijia na swali: "Ami, mtu akitia kidude cha kumwongezea roho katika mchezo wa televisheni, huko ni kudukua?"

Nikamhadithia Game Genie. Kidude hicho kilibuniwa na Codemasters wa Uingereza, wakakiuza Marekani kampuni ya Galoob. Kilipachikwa baina ya kaseti na mashine ya Nintendo. Kaseti ikituma namba, kidude huidaka njiani, kikatia nyingine mahali pake. Mwenye roho tatu akawa hafi! Ukikichomoa, kaseti ni ile ile, haikuguswa hata nukta.

Nintendo walitaka kizuiwe, wakidai kazi yao imegeuzwa bila idhini. Mahakama ya San Francisco iliwakatalia mwaka 1991, na ya rufani ikaafiki mwaka 1992: aliyekwisha kuununua mchezo ana ruhusa kuuchezea apendavyo kwake. Oktoba 2024, katika shauri la Sony na Datel, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilielekea huko huko, maadamu programu yenyewe haikubadilishwa.

Kudukua, kwa nionavyo, ni kuingia nyumba ya watu bila hodi. Huyu yumo chumbani mwake. Lakini wawili wakikabiliana baoni, mmoja akaficha kete kiganjani, hakuvunja mlango wa mtu, ila mwenziwe kamdhulumu. Na michezo ya leo watu huchezeana kwa intaneti, hata wasiojuana sura.

"Wewe wacheza peke yako?" nikamwuliza.

Akainamisha macho. "La, Ami. Na wenzangu."