Shaba ku ukuta, bukari ku meza

Ba kamarade na ba mama wa ku kampi, mu nyumba zetu nyingi meza ya kulia haiko tena ya kulia. Juu yake kuko televizyo, maua ya plastiki, na sahani za ndoa zenye mtu hatumii. Baba anatoka ku posti ya usiku, anakula sahani ku magoti.

Meza mupya haiombwe, na mushahara tunaujua. Toa vyote, mbao ionekane. Kisha rudisha vitu vitatu: kipande cha kikwembe katikati, kikapo cha kufunika bukari, kopo ya maji. Viti visifanane, haina neno: cha mbao cha mzee, cha plastiki cha soko, mradi urefu uwe moja.

Shaba ya kugongwa ya mafundi wetu wa Lubumbashi ni nzuri sana, lakini mahali pake ni ukutani. Ndimu na tomati vinakula shaba, kama sahani haikupakwa bati ndani, na inaingia mu chakula.

Nguo ya kazi, hapana kabisa. Mu 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walitoa matokeo: watu wanaokaa karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mu mukojo, watoto kupita wakubwa. Kwa hiyo piga musumari ku mulango wa nyuma, tundika ovaroli pale, nawa mpaka ku kiwiko, ndiyo ukae. Karai na sabuni vikae hapo hapo mulangoni. Vile havina haja ya kupendeza.