Kunguni au upele? Tazama ngozi kabla ya dawa

Usiku wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, una baridi, na mtoto hujifunika blanketi hadi shingoni. Asubuhi mama huona vipele vyenye mwasho usoni na shingoni, yaani palipobaki wazi. Vikifuatana kama mstari, yaelekea ni kunguni. Upele hupenda kwingine: katikati ya vidole, vifundo vya mikono na kiunoni. Tena alama za kunguni huweza kuchelewa siku kadhaa. Ndiyo maana kitanda cha jana hulaumiwa bure.

Mwosheni mtoto kwa maji na sabuni, mkandeni kwa kitambaa cha maji baridi, mkateni kucha. Mwasho ukizidi, muulizeni mfamasia dawa ya kupaka. Penye usaha au homa, nendeni zahanati. Uso ukivimba au pumzi ikibana, msingoje.

Kunguni hajulikani kuambukiza maradhi. Hatari kubwa twaileta wenyewe. Wilaya hii ni ya wakulima wa ngano, na dawa ya shambani haiko mbali. Kuipulizia kwenye godoro ni kumlaza mtoto juu ya sumu. Fueni mashuka kwa maji ya moto, mimineni maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda, kagueni mishono ya godoro penye madoa meusi. Rudieni kila wiki, kwani mayai huanguliwa baadaye.

Wala msimfiche jirani kwa haya. Kunguni huingia hata nyumba safi, ndani ya begi la msafiri au kitanda kilichokwisha kutumika.