Panga la Mwituni na Ala Yake

Aingiaye mwitu wa Ituri na panga baya atajuta angali mbali na kijiji. Sisi tulipofua la kwanza, kwa springi ya lori bovu, tulilichovya majini lingali jekundu. Tukasikia mlio mdogo tu, na kazi ya siku mbili ikawa na ufa. Kosa lilikuwa letu, wala si la chuma.

Chuma cha springi chataka mafuta. Mawese yaliyopashwa moto kidogo yafaa. Panga litiwe motoni mpaka sumaku isilishike tena, ndipo lichovywe. Sasa ni gumu kama kioo, na kama kioo laweza kuvunjika. Basi lisuguliwe ling'ae, rangi zipate kuonekana, kisha lipashwe polepole, mgongo ukielekea makaa, mpaka makali yawe ya kahawia yenye kuelekea zambarau. Liondolewe upesi! (Fundi mwenye haraka huharibu hapa.)

Ala ifanywe kwa mbao mbili nyepesi, kavu, zilizofungwa kwa ngozi. Ngozi peke yake hunywa mvua, na panga huota kutu. Tena ncha yaweza kuitoboa, ikamchoma mwenye panga pajani. Chini tuliacha tundu dogo la kutokea maji.