Majeruhi wa uti wa mgongo: Namna anavyobebwa huweza kuamua hatima yake

MTU anapoanguka kutoka juu ya mnazi au kurushwa na pikipiki barabarani, wa kwanza kumfikia si daktari bali wapita njia. Mmoja humshika makwapani, mwingine miguuni, kisha hukunjwa na kuketishwa ndani ya teksi. Nia yao ni njema. Lakini iwapo uti wa mgongo umevunjika, dakika hizo chache zinaweza kumwongezea madhara ambayo hakuna upasuaji utakaoyaondoa.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangana: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, na chini yake zile zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Ndani ya pingili hizo hupita kamba laini ya mishipa ya fahamu, ipelekayo amri za ubongo mwilini na kurudisha hisia.

Mfupa uliovunjika huweza kuunga, lakini kamba hiyo ikikatika haiungi kama mfupa. Ndiyo maana si kila aliyevunjika pingili hupooza. Vilevile, majeruhi anayechezesha vidole vya miguu papo hapo anaweza kupooza baadaye, endapo kipande cha mfupa kitasogea wakati anabebwa.

Ukubwa wa ulemavu hutegemea mahali palipoumia. Jeraha la kifuani au kiunoni huathiri miguu, haja ndogo na haja kubwa. La shingoni huathiri pia mikono, na likiwa juu zaidi hudhoofisha misuli ya kupumulia, hata majeruhi akahitaji mashine.

Dalili za kuangaliwa ni maumivu makali ya shingo au mgongo, ganzi, miguu au mikono kukosa nguvu, na kushindwa kuzuia mkojo. Aliyepoteza fahamu baada ya ajali achukuliwe kuwa ameumia uti wa mgongo hadi hospitali itakapothibitisha vinginevyo.

Mtu wa namna hiyo asisimamishwe wala kuketishwa. Asihamishwe ila kama kuna hatari, kama vile moto. Mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili ili kisicheze, na wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja, kichwa, kiwiliwili na miguu vikienda kama gogo moja. Asipopatikana mhudumu mwenye machela, ubao mpana au mlango uliong'olewa hufaa. Akitapika, ageuzwe ubavu kwa namna hiyo hiyo ili asipaliwe.

Hospitalini, madaktari huanza na pumzi na shinikizo la damu, kisha hupiga picha za eksirei, CT-Scan au MRI. Baadhi ya majeruhi hutibiwa bila kupasuliwa. Wengine hufanyiwa upasuaji wa kuondoa mfupa unaogandamiza mishipa na kufunga vyuma ili pingili zitulie, na inapowezekana hufanywa ndani ya saa 24. Nchini Tanzania, miongoni mwa wanaotoa huduma hizo ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996.

Hata hivyo, upasuaji si mwisho wa tiba. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wengi waliopooza walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944, Dk. Ludwig Guttmann alifungua kitengo chao katika Hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akaagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, wafanye mazoezi na wacheze michezo. Mashindano aliyoyaanzisha mwaka 1948 ndiyo chimbuko la michezo ya Paralimpiki.

Kugeuzwa huko hakuhitaji mashine ya gharama. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kufundishwa wodini kumgeuza, kukagua ngozi yake kila siku na kutumia mpira wa mkojo kwa usafi, wakaendelea nyumbani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na majeraha ya uti wa mgongo, na mengi hutokana na kuanguka na ajali za barabarani. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Penye majeruhi wa mgongo, anayetulia na kushika kichwa cha mwenzake vizuri ameshaanza kumtibu.